Kahawa Aliyoimimina Lina

Lina Marwan Saif haoni. Ninaanza na hilo kwa sababu kuna nyumba kadhaa hapa Jedda, kuanzia Baghdadiya hadi Sharafiya, ambamo inasemwa kwamba mjukuu wangu ana macho mazima na amejitia upofu ili apelekwe Ulaya kuteleza kwenye theluji. Wapo wanaoongeza kwamba tulinunua vyeti vya daktari. Wengine wanasema kiongozi wake wa mbio, yule anayetangulia mbele na kumwelekeza kwa sauti, ni mwanamume. Kiongozi wake ni binti wa Riyadh anayeitwa Jawaher, na vyeti hatukununua. Yaliyobaki nitayaeleza kwa mpangilio. Nimesomesha hesabu miaka ishirini na saba na sipendi jibu lisiloonyesha njia.

Jina langu ni Mwanakhamis. Ni mjane wa Saif, mfamasia, Mungu amrehemu. Tulitoka Unguja mwaka 1964, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili, na wazee wetu walikuja na masanduku mawili na jina. Masanduku yalioza zamani. Jina nimelitunza mimi.

Mwanangu Marwan anafanya kazi Yanbu na huja nyumbani mwisho wa wiki. Mkewe alifariki akaacha mabinti wawili, Hana na Lina, na Lina alikuwa na miaka mitatu tu. Nikawalea. Lina alipofika miaka sita akaanza kugonga milango. Babu yake akampeleka kwa daktari wa macho Riyadh, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Pazia la ndani ya jicho lilikuwa linakufa kuanzia pembeni. Mtoto alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe lingezidi kuwa dogo mpaka lizibe. Tena maradhi yale yako katika damu, mtoto huzaliwa nayo.

"Mwanakhamis," mume wangu akaniambia, "hili si la kuficha."

"Hana ana miaka kumi na tano," nikamjibu.

Alinielewa. Watu wakisikia maradhi ya damu, hawamwulizi mgonjwa hali. Wanamtazama dada yake. Saif alifariki miaka miwili baadaye, na tangu hapo hapakuwa na mtu wa kunipinga nyumbani mwangu.

Mwaka 2016 ikaja posa ya Hana. Mchumba alikuwa Ussi, kijana mtaratibu, mwana wa Bi Zeinab wa Sharafiya. Kwetu sisi wanawake wa upande wa mume huja kwanza kuitazama nyumba, na siku hiyo mabinti wote hutoka. Mkubwa hukaa akatazamwa, na mdogo hutoka na dele la kahawa akawamiminia wageni. Mdogo asipotoka, huulizwa ana nini. Lina alikuwa na miaka kumi na miwili. Ndani ya nyumba, mchana mapazia yakiwa yamefungwa kwa ajili ya jua, alikuwa haoni kitu.

Tulifanya mazoezi miezi mitatu. Kutoka mlango wa jiko hadi mto wa kwanza wa kukalia wageni ni hatua kumi na moja. Kutoka mgeni hadi mgeni, hatua mbili. Tulianza na maji baridi ndani ya dele. Wiki ya kwanza alinimwagia mapajani kila siku. Wiki ya tatu akasita, dele hewani, akainamisha kichwa.

"Bibi, kikombe kinaimba."

"Kinaimba nini? Mimina."

"Kikiwa kitupu sauti yake nzito. Kikijaa inapanda juu. Sikiliza!"

Nikasikiliza. Nilikuwa nimemimina kahawa miaka hamsini na sikuwahi kuisikia. Tangu siku ile hakumwaga tena.

Siku ya wageni niliwakalisha mwenyewe, kila mmoja mahali pake, kwani mgeni akijichagulia pa kukaa hesabu zote zingeharibika. Bi Zeinab alikaa mto wa kwanza, na bangili zake saba za dhahabu mkono wa kulia. Ni mwanamke mwenye macho makali, na nilimwona anamfuata Lina kwa jicho tangu mlangoni. Mtoto alipoinama kumimina, Bi Zeinab akauhamisha mkono wake wenye kikombe kuelekea kushoto, polepole, huku akizungumza na dada yake aliyekuja naye mambo ya hali ya hewa. Lina akageuza dele kushoto na kumimina ndani ya kikombe barabara.

"Mashaallah," akasema Bi Zeinab. "Huyu ana mkono! Hakumwaga hata tone."

"Kalelewa," nikasema.

Posa ikakubaliwa. Wiki hiyohiyo fomu ikaja kutoka skuli, kwa kuwa Lina alikuwa anaingia madarasa ya juu. Mlezi alitakiwa ajaze hali ya afya ya mwanafunzi. Nilikuwa nimestaafu kutoka skuli ileile, muuguzi alikuwa shoga yangu, na neno langu lilitosha. Mahali palipoandikwa "uoni" nikajaza: mzuri, macho yote mawili. Nikatia saini. Masomo nilimsomea nyumbani akayashika kwa kichwa, na skuli aliketi mbele kabisa. Wakati mwingine alikosea ngazi. Tukasema ni mzembe.

Damaris aliingia nyumbani kwetu mwaka 2020. Ni Mkenya, mtu wa Kapsabet. Kabla yetu alikuwa kwa madam mmoja wa Hamra aliyekuwa akimfungia simu kabatini. Tulipomhamishia kwetu ikama yake, kibali cha ukaazi, nilimwambia aniite Bibi, lakini mpaka leo ananiita madam. Yeye ndiye niliyempa kazi ya kutoka na Lina baada ya sala ya alfajiri, wazunguke kidogo kabla ya joto.

Baada ya miezi kadhaa nikaona viganja vya Lina vina malengelenge. Alikuwa na miaka kumi na saba. Matembezi hayatoi malengelenge ya viganja. Nikamwuliza, akasema ni ufagio. Nikamwuliza Damaris, naye akasema ni ufagio, upesi mno. Watu wawili wenye jibu moja wamekwisha kupatana. Asubuhi iliyofuata nikavaa baibui, nikaita teksi, nikawafuata hadi Kornishi, njia ya kando ya bahari.

Nilitazamia kuona kijana, au gari limesimama na taa zimezimwa. Nilichoona ni Damaris juu ya baiskeli, sketi ameikunja kiunoni juu ya suruali, anapiga kelele Kornishi nzima:

"Kushoto kidogo! Straight, straight! Kona inakuja, mami, punguza!"

Nyuma yake Lina alikuwa anakuja mbio amesimama juu ya mbao mbili nyembamba zenye magurudumu, fimbo ndefu mikononi, anajisukuma kwa nguvu zote. Nikashuka teksi na kusimama katikati ya njia.

"Madam," Damaris akasema, akafunga breki. "Mimi nilimwambia akuambie. Si nilikuambia umwambie?"

"Nani kampa hivi viatu vya magari?"

"Kocha wa Riyadh, Bibi," Lina akajibu, anahema. "Timu mpya ya skii. Wanatafuta wasioona. Nilisikia tangazo, nikawapigia."

"Kocha gani? Ana mke? Ana jina?"

"Ni mwanamke, Bibi. Mnorwe."

"Na theluji ya Jedda iko wapi?"

Damaris hakuweza kujizuia. "Hata mimi niliuliza hiyo swali, madam. Wakasema itakuja baadaye."

Sikucheka. Neno "wasioona" lilikuwa limetamkwa barabarani, kwa Kiswahili, katika mji ambao sijui nani anapita. Nikasema halas, twendeni nyumbani. Lina akaketi ukingoni mwa njia kuzifungua zile mbao. Hakulia wala kubishana. Akasema tu:

"Bibi, hapa sihesabu hatua."

Nilikaa na maneno hayo siku tatu. Siku ya nne nikampigia simu Marwan, nikamwambia atie saini ruhusa, na mimi nitakwenda Riyadh kumtazama huyo Mnorwe kwa macho yangu.

Huko Riyadh nilipeleleza kila kitu. Nilikagua chumba cha kulala cha wasichana, nikafungua madirisha kuona yanatazama wapi, nikamwuliza Jawaher ukoo wake mpaka babu wa nne. Mnorwe alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mfupi, mkimya, na sikumpata na kosa. Likanitia shaka hilo pia.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mtu huteleza kilomita kadhaa, kisha hulala kifudifudi na kupiga shabaha tano, kisha huondoka tena. Akikosa shabaha huzunguka duara la adhabu, na moyo wakati huo unamwenda mbio kama cherehani. Asiyeona hupiga kwa sikio. Bunduki yake haina risasi, ina mwanga tu, na hedifoni humpa mlio. Walinionyesha katika ukumbi mrefu usio na theluji. Lina akalala chini, akapiga tano, zote tano zikaingia. Mnorwe akasema kwa Kiingereza kwamba amefundisha miaka ishirini na hajaona mwanafunzi wa mwezi wa kwanza kufanya hivyo. Aliniuliza msichana alijifunzia wapi. Nikasema sijui.

Lina akanivika hedifoni masikioni na kuishika bunduki mbele yangu. Mlio ulikuwa wa chini, mzito. Akaisogeza kidogo kidogo kuelekea katikati ya shabaha, na mlio ukapanda, ukapanda, mpaka ukawa mwembamba kabisa.

"Si ndo kikombe hiki, Bibi?" akaninong'oneza.

Nikavua hedifoni. Nikamwambia asilitaje hilo mbele za watu.

Miaka miwili ya kwanza alipelekwa Finlandi na Norwe akarudi wa mwisho, au wa pili kutoka mwisho. Theluji halisi ilimtupa chini. Alirudi na goti limevimba na pua imebabuka kwa baridi. Alifanya mazoezi ya magurudumu Jedda alfajiri, na Riyadh miezi mizima. Mwaka wa tatu alimaliza wa tisa kati ya kumi na wanane, akiwa hajakosa shabaha hata moja. Hapo picha yake ikasambaa kwenye simu za watu wetu, na maneno yakaanza. Bi Zeinab aliyasema mbele ya wanawake thelathini, kwenye harusi: "Haoni wapi? Mtoto yule kanimiminia kahawa mimi! Nilikihamisha kikombe kwa makusudi, akakifuata!"

Ilikuwa imebaki wiki tatu kabla ya mbio za kufuzu Paralimpiki pale Mnorwe aliponipigia simu. Karatasi za Lina haziafikiani, akasema. Ya daktari inasema amezaliwa na maradhi. Kuna nyingine, ya skuli, inasema akiwa na miaka kumi na miwili aliona vizuri. Kamati ya mchezo imemsimamisha asishindane mpaka mlezi afike aeleze, kwa maana anayejifanya haoni hufungiwa maisha yake yote.

Sikuuliza karatasi hiyo imeandikwa nini zaidi. Niliuliza imefikaje huko. Siku nzima nilitafuta mkono wa adui. Nilimdhania Bi Zeinab, kisha Jawaher, ambaye babu yake wa nne sikumridhia. Kisha nikamwita Damaris jikoni, kwa sababu ni yeye anayefuta vumbi kwenye kabati la karatasi, na ana simu inayopiga picha.

"Lete simu yako."

Akakausha mikono, akaifungua, akaniwekea mezani.

"Angalia, madam. Angalia yote. Utapata tu picha za Alvin." Alvin ni mwanawe, yuko Kapsabet kwa bibi yake. "Yule madam wa Hamra aliificha simu. Wewe unaisoma. Sijui ni gani afadhali."

Niliitazama yote. Palikuwa na Alvin na sare ya skuli, Alvin na mbuzi, Alvin na meno mawili yaliyong'oka. Nikamrudishia. Sikumwomba radhi siku ile. Nilimwomba baadaye, na hilo ni langu na lake.

Kesho yake tukaruka kwenda Riyadh, mimi na Lina. Chumbani walikuwa wawili, daktari mwanamke na karani mzee wa Kihijazi. Karani akanisogezea karatasi. Mwandiko ulikuwa wangu. Yale maneno mawili, mzuri, macho yote mawili, nimeyaandika kwa herufi nzuri nilizowafundisha wasichana wa watu.

"Nani kaileta hii?" nikauliza.

"Mimi, Bibi," Lina akasema kando yangu. "Walitaka historia yote ya afya. Nikaenda skuli nikaomba faili langu, nikawapa."

Alikuwa ameileta kwa mkono wake karatasi ya kumwangamiza, na hakuweza kuisoma. Hapakuwa na adui yeyote. Nilikuwa nimepekua simu ya mtu.

Daktari alikuwa mpole. "Mama, huenda wakati ule hukujua?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Ningesema sikujua, na posa ya Hana ingebaki safi. Hana alikuwa anaishi nyumba moja na Bi Zeinab, ana mtoto wa kiume wa miaka miwili. Nikafungua mdomo.

"Ila ukisema hukujua," daktari akaendelea, "itanibidi niulize: mtoto anaishi kwako, anasoma, anatembea, na wewe mwalimu hujui. Basi ni kitu gani alichokuwa haoni?"

Lina hakunigeukia. Vidole vyake vilikuwa vinagonga goti taratibu, nami niliijua hesabu ile: moja, mbili, tatu, hadi kumi na moja.

"Nilijua," nikasema. "Nilijua tangu ana miaka sita."

Wakanipa kalamu niandike. Niliandika mwaka, jina la daktari wa kwanza, mazoezi ya kahawa, fomu. Mahali pa sababu nikaandika: posa ya dada yake. Karani akasoma mpaka mwisho, akavua miwani, akagonga muhuri wake. Nadhani naye ana mabinti.

Lina akabaki Riyadh na timu. Mimi kutoka uwanja wa ndege sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Sharafiya kwa Bi Zeinab, kwani lilikuwa lazima alisikie kwangu kwanza. Nikamweleza nikiwa nimesimama.

"Kumbe uliniona mjinga," akasema.

"Nilikuona mama wa mchumba."

"Mkono niliuhamisha makusudi, Mwanakhamis. Makusudi! Na akanifuata."

"Alizifuata bangili zako."

Akazitazama. Akazivua moja baada ya moja na kuziweka mezani, zote saba, akazisukuma mbali.

"Miaka tisa. Miaka tisa nakuja kwako nakunywa kahawa yako nakuita ndugu yangu. Na mjukuu wangu? Na damu yake?"

Ussi alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. "Mama," akasema, "Hana anasikia." Akaingia ndani kwa mkewe na kufunga mlango. Hana yuko hapo mpaka leo.

Sasa mtaelewa maneno haya yanatoka wapi na kwa nini hayakomi, ingawa kamati iliikubali karatasi yangu na madaktari wengine wawili wakampima Lina upya. Bi Zeinab anajua ukweli. Nilimpa kwa mdomo wangu. Lakini Lina akiwa anaona, basi hakuna maradhi, na damu ya mjukuu wake ni safi. Ndiyo maana anaendelea kusema. Simchukii. Uongo wa namna hiyo niliutunga mimi kabla yake, kwa sababu ileile. Ila wa kwangu ulimfunga mtoto wangu jikoni, na wa kwake unataka kumrudisha huko.

Lina alishindana. Ilikuwa baridi ya nyuzi kumi na nne chini ya sifuri, na tuliitazama mimi na Damaris kwenye simu iliyoegemezwa kopo la sukari. Alianguka mara moja kwenye mteremko. Alipiga shabaha kumi, akakosa moja. Kila alipolala chini Damaris aliziba mdomo kwa kanga, na mimi nilijikuta nimeinamisha kichwa upande, nasikiliza, ingawa simu haikuwa na mlio wowote. Alimaliza wa sita. Akafuzu.

Alipopiga simu nilimwuliza goti. Akasema zima. Akaniuliza kama sasa anaweza kuwaambia watu alijifunzia wapi.

"Waambie," nikasema.

Haya basi. Wamekuja watu tangu wakati huo. Wanakuja na sinia la halua bila sababu, wanakaa mto wa kwanza, wanamsifu Lina, kisha wanashusha sauti na kuniuliza kuhusu mtoto wa Hana: ameanza kugonga milango? Anafuata mwanga? Kuna anayesema Bi Zeinab humpungia funguo mbele ya uso akiwa peke yake naye.

Nimesema ya Lina kwa kuwa Lina ameniruhusu. Mtoto wa Hana hajafika umri wa kumruhusu mtu. Halua chukueni mrudi nayo. Sisemi.